Majani Yaliyokula Viluwiluwi

Tulimzika Kadzo mwezi uliopita kule Bamburi, na mchungaji aliyesimamia maziko alisema marehemu alikuwa mama mpole, mnyamavu, asiyependa ugomvi. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa mkeka wa mbele, maana nikikaa nyuma sisikii, na nilitaka kunyanyuka nimuulize, mchungaji, huyo unayemzika ni nani? Kadzo niliyemjua mimi alimtupia tope kifuani mtu wa serikali aliyevaa kofia yake na soksi ndefu. Lakini magoti yangu si ya kunyanyuka kwa ghafla siku hizi, na kabla sijafika juu walishaanza wimbo. Wakati wa chakula akaja mzee mmoja asiye na jino hata moja, akaketi karibu nami, akanitazama kama mtu anayesoma barua. "Wewe ni Dama wa nyumba ya chupa," akasema. Alikuwa Kalume, ambaye zamani alibeba bomba la mafuta mgongoni, akifuatana na Bwana Afya wa serikali kuua mbu. Kisha akawageukia vijana waliokuwa wakila, akawaambia, "Bibi huyu alirogwa na kioo cha Mgoa. Alikuwa akiyapigania magugu ya ziwani kama watoto wa kuzaa." Wakacheka. Nikawaacha wacheke, wali ulikuwa mzuri. Ila nilipofika nyumbani nilimwomba mjukuu wangu daftari. Kurogwa sikurogwa. Niliona, na kuona si kurogwa.

Habari za baba na mama, na nani katika ukoo wetu alitoka Rabai na nani alitoka Ribe, hizo wako wengine wa kuzisema, na wakikosea watasahihishana wenyewe. Mimi nasema mwaka mmoja tu, mwaka ule wa vita tulipokula sima ya mahindi ya manjano ya ng'ambo mpaka tukawa hatuwezi kutazama rangi hiyo hata kwenye kanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeachika na sijuti, nikikaa Mjambere kwa shangazi yangu Mbeyu, nyumba ya makuti ya vyumba viwili na jiko la uani. Wanajeshi walikuwa wamepiga kambi upande wa pili wa barabara. Walipokuja wao zikaja na habari za mbu, maana mbu wakituuma sisi ni desturi, wakimuuma mwanajeshi ni jambo la kuandikiwa ripoti. Basi karibu na kambi ikajengwa nyumba ndogo ya mbao na mabati, ambayo sasa wangeiita maabara. Sisi tuliiita nyumba ya chupa, kwa sababu ukipita dirishani ndizo ulizoziona: chupa juu ya rafu, chupa chini ya rafu, kila moja na karatasi yake na maji yaliyotekwa mahali fulani. Nilipata kazi ya kuziosha. Niliosha chupa, nikaosha vile vioo vyembamba kama kucha, nikafagia, nikachemsha chai.

Mwenye nyumba hiyo, kwa siku zote alizokuwa pale, alikuwa Bwana Kayetano, Mgoa mwembamba mwenye kikohozi, karani wa kutazama maji. Alikuwa mwoga kwa kila kitu kilichokuwa kikubwa kuliko nzi. Lakini akiketi mbele ya hadubini yake, mgongo ukinyooka, sauti ikishuka, utadhani yuko kanisani. Wakati ule sisi tulisema darubini, mjukuu wangu ndiye aliyenisahihisha juzi. Nilimuuliza siku moja, "Bwana, kwani maji haya yana nini hata nioshe chupa mara tatu?" Akasema, "Usiguse tu." Neno hilo halijawahi kunifaa tangu utotoni. Alipotoka kwenda kunywa chai kivulini nikaweka jicho. Nikaona msitu mweusi unayumbayumba. Nikapiga ukelele, naye akarudi mbio na kikombe mkononi.

"Nini tena?"

"Bwana, mna miti humu ndani. Tena yatikisika!"

Akainama, akatazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika. "Hizo ni kope zako, Dama. Usibane jicho. Legeza. Hilo jingine usilifunge, liache lizurure."

Nikalegeza. Mpaka leo nikifumba macho naweza kuirudia ile saa. Kwanza ulikuwa uzi wa kijani, ule ute unaoshika mguu ukiingia ziwani, ambao kila mwanamke wa Mjambere aliutemea mate. Kumbe si ute. Ni kama chupa ndefu ya kioo kisafi, na ndani yake kuna utepe wa kijani uliozungushwa kwa mkono wa fundi, mizunguko sawasawa, wala haugusi ukuta. Akapita mdudu mwenye umbo la kandambili, akagonga uzi, akarudi nyuma, akageuka, akajaribu njia nyingine. Palikuwa na mwingine aliyejishikiza kwenye jani kwa mkia, na kichwani ana magurudumu mawili yanayozunguka, yanamvutia chakula mdomoni. Na kiroboto wa maji, mwili wake kama kioo cha taa: nikauona moyo ukidunda, haraka kama wa kuku aliyeshikwa, na nyuma yake mayai yamepangwa. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma. Nimezaa watoto sita baadaye, nimeona mengi, na bado nasema ule moyo ni katika vitu vitatu vikubwa nilivyoonyeshwa duniani. Hivyo viwili vingine ni siri yangu.

Jioni, tukila sima na mtsunga, ile mboga chungu ambayo shangazi aliipika kwa tui kidogo ili mtu asilie, nikasema, "Shangazi, maji ya ziwani yana watu."

"Watu gani?"

"Wadogo. Mmoja ana magurudumu kichwani."

"Na leseni ya baisikeli amelipa?"

"Nasema kweli, shangazi. Tunawanywa kila siku."

Akatafuna polepole, akameza. "Miaka hamsini nakunywa, hajanigongea tumbo hata mmoja kusema nimtoe. Watakuwa wamependa huko. Kula."

Sasa nieleze ziwa, maana usipolijua hutajua kwa nini nilikasirika vile. Lilikuwa dimbwi kubwa tu, sisi tuliita ziwa, upana wake mtu hodari angerusha jiwe likavuka. Visima vya Mjambere kiangazi vilikuwa vinaingia chumvi, chai unaitia sukari na bado inaonja bahari. Ziwa peke yake lilibaki tamu. Tulichujia maji kwenye kanga, tukachemsha. Ukilikosa ziwa, mahali pengine pa maji matamu palikuwa bomba la kambini. Na bomba la kambini palikuwa na wanaume mia wasiokuwa na kazi saa za alasiri. Kadzo, jirani yangu, tulikuwa rika moja, alikwenda pale mara moja mwanzoni mwa mwaka. Alirudi na debe tupu na kanga imechanika, akakaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu aliniambia neno moja tu: "Dama, pale sirudi. Wakinilazimisha nitakufa njiani." Sikumuuliza zaidi. Wakati ule hatukuulizana. Nasema wazi hapa kwa sababu mchungaji alisema alikuwa mnyamavu, na mimi najua unyamavu ule ulikotoka.

Kuta za nyumba ya chupa zilikuwa za mbao zenye nafasi, na nikiwa naosha nyuma nilisikia kila neno. Bwana Afya alikuwa mtu wa bara, Mkristo kama sisi, kijana wa kupiga pasi kaptura mpaka ikasimama yenyewe. Siku hiyo alimwambia Bwana Kayetano, "Hiyo maji ya Mjambere imejaa majani. Majani ndio nyumba ya mbu. Nitapima, nikipata mtoto ya mbu hata moja, namwaga mafuta. Hiyo ndio amri." Kayetano akauliza watu watakunywa wapi. "Kambini kuna bomba," akasema Bwana Afya. Chupa iliniponyoka mkononi, ikapasuka, na nikakatwa mshahara wa siku mbili. Nikakimbia kuwaambia wenzangu.

Na hapa ndipo pa ujinga wangu, siufichi. Sisi watu wa huku tukiambiwa mgeni anakuja, dawa yetu ni moja: kufagia. Uwanja ukiwa mweupe, hata kama ndani hakuna chakula, mgeni atakuheshimu. Basi nikasema, jamani, amesema majani ndiyo ubaya, tumtolee majani, akija akute maji meupe kama bakuli la kanisani. Wanawake ishirini tukaingia ziwani kwa ujima, kanga zimefungwa kifuani, tukaimba, tukang'oa. Kulikuwa na jani moja lililotupa taabu, halina mizizi hata kidogo, linaelea tu chini ya uso wa maji kama nywele za mtu, na juu linatoa kiua cha manjano. Lina vifuko vidogo kama mbegu za mchicha, maelfu, vingine vyeusi. Tulilikokota kwa mafungu, tukalirundika ukingoni likanuka. Ziwa likang'aa. Tulijisifu siku nzima. Shangazi Mbeyu alitazama, akasema, "Mmelinyoa. Haya."

Baada ya wiki mbili Bwana Afya akaja na Kalume na bomba lake. Alikuwa na upawa mweupe wa bati wenye mpini mrefu, na kanuni ya kuteka mara kumi mahali mbalimbali. Upawa wa kwanza tu ukatoka na viluwiluwi vya mbu wanacheza kama punje za mchele zilizopata wazimu. Wa pili, hivyo hivyo. Hakufika wa tano. "Jumatatu mafuta," akasema. Tukaduwaa. Mwaka wote majani yakiwa yamejaa hatujawahi kuona viluwiluwi wengi namna ile. Kadzo hakuduwaa. Aliinama, akachota tope mikono miwili, likampata Bwana Afya penye vifungo. "Mafuta utakunywa wewe!" akamwambia. Kalume aligeuka akaangalia minazi, mabega yakimtikisika. Kama Kadzo hakufungwa siku ile ni kwa sababu Bwana Afya aliona haya kuandika kwamba alipigwa na mwanamke, tena kwa tope.

Mimi nilichukua shada la yale majani kutoka chini ya rundo, mahali palipokuwa bado na unyevu, nikalitia kwenye debe la maji ya ziwa pamoja na viluwiluwi wake, nikaenda nalo kazini. Nilitaka tu kujua nimeng'oa nini. Bwana Kayetano alikata kitawi, akakiweka kwenye kisahani cha kioo chini ya hadubini, akaniachia kiti. Nikaona kile kifuko. Kina mlango. Haki ya Mungu, kina mlango mdogo umefungwa, na mbele ya mlango vinyweleo viwili vitatu, kama ndevu za kambale. Kiluwiluwi akaja akihangaika, mkia huku kichwa huku. Akagusa unywele. Sikuona mlango ukifunguka, ni haraka kuliko kope. Niliona alikuwa nje, kisha nusu yake ilikuwa ndani, na kifuko kilichokuwa kimebonyea kimevimba. Akapiga mkia, akapiga tena. Mlango umemfunga kiuno. Vile vifuko vyeusi vya pembeni, nikavitazama kimoja kimoja, kila kimoja kilikuwa na kichwa cha mbu ndani, kimelainika, kama mtu aliyemezwa na nyumba yake.

Nilikaa. Nikasema, "Bwana, tumeng'oa askari wetu."

Akanionyesha daftari lake. Alikuwa ameshalichora jani hilo miezi mitatu nyuma, kila mfuko, kila unywele, kwa penseli kali. Alijua! Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Bwana Afya. Akafunga daftari. "Mimi ni karani, Dama. Nina watoto wanne. Nikiulizwa nitajibu. Sijaulizwa."

Nilimwambia maneno ambayo mtumishi hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia mbu hakuliuliza jani, na jani halikungoja kuulizwa. Nilimwambia habari za Kadzo, yote, mpaka kanga iliyochanika. Nikaenda nyuma kuosha chupa, nikiwa nimeshajiona nimefukuzwa. Alasiri nikamsikia Bwana Afya akiingia, na Kayetano, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto anayesoma sala, akasema, "Bwana, kabla ya mafuta, kanuni inasema upime mara ya pili baada ya siku kumi na nne."

"Kanuni gani hiyo?"

"Kanuni."

"Iko wapi imeandikwa?"

"Ofisini kwa wakubwa, Kisiwani. Ukitaka nitawaandikia niwaulize kwa nini wewe hukuipata." Kikafuata kikohozi kirefu. Mpaka leo sijui kama kanuni hiyo ilikuwapo. Nadhani haikuwapo. Nadhani aliizaa pale pale, yule mwoga, na kikohozi kilikuwa cha kuufunika uongo.

Siku kumi na nne tukazitumia. Tulirudi kwenye rundo, tukachambua kama wachambuao mchele, yaliyokauka huku, yenye uhai kidogo huku, tukayarudisha majini. Wako waliokataa. Wakasema, "Juzi ulituambia tung'oe, leo watuambia tupande, kesho utatuambia tuyaombee?" Nikawajibu, juzi nilikosea, leo nimeona, na asiyetaka kuingia majini ajifunze njia ya kambini. Wakaingia. Jani lile lina roho ngumu, kipande cha urefu wa kidole kinakuwa kichaka. Siku ya kumi lilikuwa limeshatanda pembeni, na vifuko vyake vimeanza kuwa vyeusi. Na kwa kuwa nimeahidi kutoficha, niseme na hili: asubuhi mbili za mwisho mimi na Kadzo tuliingia na kanga, tukachuja viluwiluwi pale majani yalipokuwa machache. Jani lilifanya kazi yake, nasi tukalisaidia. Mtu akisema huo ni udanganyifu, aje nimwonyeshe mbu alivyonyonya damu bila kuuliza.

Siku yenyewe ikafika. Tulisimama ukingoni wote, shangazi Mbeyu ameletewa kigoda, Kalume na bomba lake limejaa, linanuka dizeli. Bwana Kayetano alikuja pia, akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi kama aliyekuja kwenye maziko. Bwana Afya akazamisha upawa, akauinua, akautazama kwenye mwanga. Hakuna kitu. Akasogea. Hakuna. Wa tatu, wa nne, wa tano, hakuna. Alifanya makusudi akateka penye kivuli, penye majani, karibu na mizizi ya mgomba. Wa tisa, maji matupu. Wa kumi akauinua, akatabasamu.

"Hii hapa," akasema. "Moja."

Nikasogea nikaona. Kweli, alikuwapo kiluwiluwi mmoja, mdogo, hata siku mbili hajamaliza duniani, anajikunja kwenye ule weupe.

"Mmoja, Bwana Afya," akasema shangazi kwa upole. "Mara ile walijaa upawa."

"Moja ni moja. Amri ni hata moja. Kalume, funga bomba mgongo."

Nilimwona Kadzo. Hakuinama kuchota tope mara hii. Alikuwa anatazama upande wa kambini, na mkono wake umeshika kanga penye kifua, palepale ilipochanika ile nyingine. Sikufikiri. Wengi baadaye walisema nilifikiri sana, Kalume anasema kioo ndicho kilichonituma, lakini mimi niliyekuwa na mkono ule nasema sikufikiri. Nilishika mpini wa upawa juu ya mkono wa Bwana Afya, nikauvuta, nikaupeleka mdomoni, nikanywa mpaka bati likakauka. Maji yalikuwa ya vuguvugu na yalionja majani. Nikapangusa mdomo. Nikamrudishia.

"Hesabu tena," nikamwambia.

Bwana Afya alitazama ndani ya upawa, akatazama midomo yangu, akamtazama Kayetano kule nyuma, na Kayetano akaweka kofia kichwani akasema, kwa sauti iliyotufikia sote, "Wa kumi ni mtupu, bwana. Nimeona." Kalume akaliteremsha bomba mgongoni, polepole, akalikalia.

Bwana Afya akatoa daftari na penseli ya buluu. Akalamba ncha, akainama kuandika. Nikaweka kidole juu ya karatasi.

"Penseli hufutika," nikasema. "Kalamu hiyo hapo mfukoni. Andika kwa wino."

Akaandika kwa wino.